Kifua kinachobana kwa mjamzito na mzazi: mwongozo kamili wa kugundua na kutibu tatizo la mishipa ya moyo

Aliletwa na mama mkwe wake, siku ya tisa tangu ajifungue, tumbo limefungwa kitenge kwa nguvu kama wanavyofungwa wazazi wengi siku za arobaini. Mama mkwe ndiye aliyeanza kuongea. "Daktari mwanangu, huyu chembe ya moyo inamuuma tangu alfajiri. Mimi naona ni chango." Kadi yake ilikuwa tayari imeandikwa dawa ya kiungulia. Nikamgeukia yeye mwenyewe: "Dada, hebu nionyeshe kwa mkono panapouma." Hakuonyesha kwa kidole. Alikunja ngumi akaibandika katikati ya kifua, akasema taratibu, "Hapa dokta, kama mtu kanikalia. Na mkono huu unakufa ganzi."

Tulipoteza karibu saa mbili kwa sababu mashine ya ECG, ile inayopima umeme wa moyo, iliishiwa karatasi. Alikuwa na shambulio la moyo, akiwa na umri wa miaka 33, hana kisukari, havuti sigara, presha yake ya kliniki zote ilikuwa nzuri. Alipona, ila moyo wake haukurudi kama ulivyokuwa. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya saa mbili zile. Nawalenga wenzangu walioko vituo vya afya na hospitali za wilaya, na pia familia zinazokaa na mzazi nyumbani, kwa maana wao ndio wanaosikia malalamiko ya kwanza.

Kinachotokea ndani ya mshipa

Misuli ya moyo inalishwa damu na mishipa midogo inayouzunguka moyo wenyewe, inayoitwa mishipa ya koronari. Kwa wazee tumezoea kuona mishipa hiyo ikizibwa na mafuta yaliyojijenga kwa miaka. Kwa mjamzito na mzazi sababu inayoongoza ni nyingine: ukuta wa mshipa unachanika wenyewe kwa ndani, damu inapenya katikati ya matabaka ya ukuta, inavimba humo na kuubana mshipa hadi damu haipiti. Hiyo ndiyo sababu ya karibu mashambulio 4 kati ya 10 yanayohusiana na ujauzito. Yanayobaki yanatokana na mafuta ukutani, damu iliyoganda ndani ya mshipa ulio mzima, au mshipa kukaza ghafla.

Tatizo ni la nadra. Hesabu za Marekani za mwaka 2000 hadi 2002 zilikuta karibu mama 6 katika kila vizazi 100,000. Hata hivyo ujauzito unaiongeza hatari ya shambulio la moyo mara tatu hadi nne ukilinganisha na mwanamke wa umri uleule asiye mjamzito. Homoni zinalegeza kuta za mishipa, kiasi cha damu kinaongezeka karibu nusu, damu inakuwa nyepesi kuganda, na uchungu wa kuzaa unaupa moyo kazi kubwa.

Kuchanika kwa mshipa kunatokea zaidi miezi mitatu ya mwisho ya mimba na wiki za kwanza baada ya kujifungua, na wiki ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Yaani ni katikati ya arobaini, wakati mama yuko ndani anakandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na kila maumivu yana jina lake la nyumbani.

Hatua ya kwanza: sikiliza lugha ya mgonjwa

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, na kosa lenyewe liko kwenye maneno. Kwa Kiswahili cha kila siku "chembe ya moyo" ni pale chini ya kifua, juu ya tumbo. Mtu akisema "moyo unaniuma" anaweza kumaanisha kiungulia, na mwingine akisema "tumbo la juu linaniuma" akawa na shambulio la moyo kamili. Jina la maumivu lisikutoshe. Muulize mgonjwa mwenyewe, si aliyemsindikiza, na umwambie aonyeshe kwa mkono. Kisha uliza: yalianza saa ngapi, ukifanya nini? Yanabana, yanaunguza kama moto au yanachoma kama mkuki? Yanakwenda begani, mkono wa kushoto, shingoni, taya au mgongoni? Umetokwa jasho jembamba? Umetapika? Pumzi inakata ukilala chali?

Kiungulia cha mimba huja baada ya kula, hupanda kooni na uchachu, hutulia kwa dawa ya kiungulia. Maumivu ya misuli ya kunyonyesha huongezeka ukibonyeza pale pale. Lakini mgonjwa kupata nafuu baada ya kumeza dawa ya tumbo si ushahidi kwamba moyo uko salama. Nimeshaona nafuu ya namna hiyo ikidumu nusu saa tu. Kanuni ninayowafundisha wauguzi ni hii: maumivu yoyote kati ya kitovu na taya, kwa mjamzito au mama aliye ndani ya miezi mitatu tangu kujifungua, ambayo hujui chanzo chake, yanastahili ECG leo.

Wanaostahili wasiwasi zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 35, wenye presha, kisukari, uzito mkubwa, wanaovuta sigara, wanaoishi na VVU, wenye siko seli, waliopata kifafa cha mimba, na wenye ndugu aliyepata shambulio la moyo akiwa kijana. Ila mama wa kitenge hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mshipa kuchanika hakuchagui mnene wala mwembamba, kwa hiyo kadi safi ya kliniki isikutulize.

Hatua ya pili: dakika kumi za kwanza

Mlaze kitandani. Kama mimba imepita wiki 20, mwinamishe upande wa kushoto kwa kumwekea mto au shuka lililokunjwa chini ya kiuno cha kulia, ili mfuko wa uzazi usiubane mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Pima presha mikono yote miwili, mapigo, kiwango cha oksijeni na sukari. Mpe oksijeni ikiwa kiwango kiko chini ya asilimia 95. Weka njia ya mshipa. Wakati mwenzako anafanya hayo, wewe fanya ECG. Iwe imekamilika na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu aingie mlangoni.

ECG haina madhara kwa mtoto hata kidogo, na mimba haizuii kuisoma. Mimba inaweza kuleta mabadiliko madogo ya kawaida: mhimili wa moyo kuelekea kushoto kidogo, wimbi la T kugeuka chini kwenye lidi (mikondo ya ECG) za III na V1, na Q ndogo kwenye III. Lakini kupanda kwa mstari wa ST kwenye lidi mbili zinazopakana hakuletwi na mimba. Ukikuta hivyo, chukulia ni shambulio la moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kama ECG ya kwanza ni nzuri na maumivu yanaendelea, irudie kila dakika 15 hadi 30, huku ukiacha alama za kalamu kifuani ili vibandiko virudi mahali palepale. Na nakuomba, ukimaliza kusoma haya, nenda kahakikishe mashine ya wodi yako ina karatasi.

Hatua ya tatu: troponini, na magonjwa yanayofanana

Troponini ni kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli ya moyo imeumia. Mimba ya kawaida na uchungu wa kawaida havipandishi troponini juu ya kiwango. Kifafa cha mimba na dalili zake za awali vinaweza kuipandisha kidogo. Vipimo vya zamani kama CK-MB usivitegemee kwa mzazi, maana mfuko wa uzazi nao unavitoa baada ya kujifungua. Chukua troponini anapofika, kisha rudia baada ya saa 3 hadi 6. Moja iliyo safi iliyochukuliwa mapema haitoshi kumruhusu mtu kwenda nyumbani. Kama hospitali yako haina troponini, ECG inayobadilika pamoja na maelezo ya mgonjwa vinatosha kabisa kumpa rufaa.

Kabla ya kugusa heparini, jiulize kuhusu mshipa mkuu wa aota. Huo nao huchanika wakati wa mimba, na dawa ya kuzuia damu kuganda inaweza kumuua mgonjwa wa namna hiyo. Maumivu yanayopasua kuelekea mgongoni tangu dakika ya kwanza, au presha inayotofautiana kwa zaidi ya 20 kati ya mkono na mkono, vikusimamishe. Damu iliyoganda kwenye mapafu huleta pumzi fupi ya ghafla, mapigo ya mbio na pengine mguu mmoja uliovimba. Presha iliyopanda pamoja na maumivu ya chembe ya moyo inadai kupimwa mkojo kwa protini, chembe sahani na ini. Na moyo uliotanuka baada ya uzazi huleta miguu kuvimba na kukosa pumzi ukilala, mara nyingi bila maumivu makali.

Picha ya X-ray ya kifua usiiogope. Mionzi inayomfikia mtoto ni chini ya 0.01 mGy (miligrei, kizio cha mionzi), ilhali madhara kwa mimba huanza kuzungumzwa kuanzia 50 mGy. Kipimo cha eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hakina mionzi kabisa, na kinakuonyesha ukuta wa moyo uliolegea pamoja na aota kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya nne: dawa za kuanza nazo, na zile za kuziacha kabatini

Aspirini ni ya kwanza: 150 hadi 300 mg, atafune asimeze nzima, kisha 75 hadi 100 mg kila siku. Wengi wanaogopa kumpa mjamzito aspirini, lakini kwa dozi ndogo ya kila siku imetumika kwa miaka mingi kuzuia kifafa cha mimba, na dozi ya kuanzia inatolewa mara moja tu. Heparini haivuki kondo la nyuma. Kama huna dalili za aota na mama hatoki damu, enoksaparini 1 mg kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 12 inafaa. Kama uchungu uko karibu, heparini ya kawaida ya drip ni bora kwa sababu inasimamishwa haraka. Daktari wa moyo akishaona kwamba mshipa umechanika, kwa kawaida heparini husimamishwa, kwani inaweza kuukuza uvimbe wa damu ukutani.

Dawa ya kupunguza kasi ya moyo inausaidia mshipa uliochanika kutulia: metoprololi 25 mg mara mbili kwa siku, au labetaloli 100 mg mara mbili. Usitoe kama namba ya juu ya presha iko chini ya 100, mapigo chini ya 60, ana pumu, au mapafu yamejaa maji. Atenololi tunaiepuka kwa sababu inadumaza mtoto tumboni. Dawa ya nitireti chini ya ulimi inaruhusiwa kwa maumivu makali, ila presha ikishuka kondo la nyuma nalo linakosa damu, kwa hiyo kaa naye na upime. Klopidogreli hutolewa pale ambapo stenti (kijibomba cha kuuacha mshipa wazi) imewekwa au inatarajiwa, kwa muda mfupi iwezekanavyo. Prasugreli na tikagrelori haziingii kwenye ujauzito.

Enalaprili, kaptoprili, losartani na ndugu zao ni marufuku mimba ikiwa tumboni, zinaharibu figo za mtoto. Baada ya kujifungua enalaprili inaruhusiwa hata kwa anayenyonyesha.

Sasa nifike kwenye dawa inayoniondolea usingizi: ergometrini. Inakaza mfuko wa uzazi, na inakaza mishipa ya moyo vilevile. Mama mwenye tatizo la koronari akichomwa ergometrini baada ya mtoto kutoka, mshipa uliokuwa umeziba nusu unaweza kufunga kabisa. Imo kwenye trei ya leba, mkono umezoea kuichukua damu ikiongezeka, na zamu ya usiku haimjui mgonjwa. Kwa hiyo andika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada, kwenye karatasi ya kitandani, na kwenye ubao: HAKUNA ERGOMETRINI. Sindano ya mchanganyiko wa oksitosini na ergometrini nayo ni ileile. Bromokriptini ya kukausha maziwa, na salbutamoli ya kutuliza uchungu wa mapema, nazo ziwekwe mbali naye.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ni swali gumu. Mshipa ukiwa umechanika inaweza kuupanua mpasuko, na kwa aliyejifungua au kupasuliwa siku chache nyuma inaweza kuleta damu isiyokatika. Naikubali tu pale ST imepanda sana, hospitali yenye uwezo haifikiki kwa muda unaofaa, na daktari wa moyo amekubali kwa simu.

Hatua ya tano: rufaa

Piga simu kabla ya gari kuondoka. Mweleze daktari wa moyo umri wa mimba au siku tangu kujifungua, saa maumivu yalipoanza, na umtumie picha ya ECG kwa simu. Picha ile inaokoa muda kuliko barua ya kurasa mbili. Tanzania tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyo ndani ya eneo la Muhimbili, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kampala ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Nairobi ipo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Kwa usafiri wa dharura wa mjamzito na mzazi Tanzania, namba ya m-mama ni 115, bila malipo.

Ndani ya gari awe na muuguzi anayejua kushtua moyo, mashine yenyewe, dawa, na mama alale kwa kuinamia kushoto. Moyo ukisimama njiani, bonyeza kifua kama kwa mtu yeyote, huku mwenzako akiusukuma mfuko wa uzazi kwa mikono kuelekea kushoto. Umeme wa mashine ya kushtua haumzuru mtoto kiasi cha kukufanya usite. Kama tukio ni hospitalini, mimba imefika usawa wa kitovu au zaidi, na mapigo hayajarudi ndani ya dakika 4, mtoto atolewe palepale alipolala. Hatua hiyo inafanywa kwa ajili ya mama kwanza, maana mfuko ukishatolewa mzigo damu inarudi kwenye moyo.

Kwenye chumba cha uchunguzi wa mishipa

Familia huuliza sana kama mionzi ya anjiografia, yaani picha za mishipa ya moyo zinazopigwa kwa dawa ya rangi, itamdhuru mtoto. Makadirio ni takriban 1.5 mGy kwa uchunguzi na 3 mGy pale stenti inapowekwa, mbali na ile 50. Mama mwenye ST iliyopanda au maumivu yasiyokoma asicheleweshwe kwa hofu hiyo. Daktari hupitia mkono, hupunguza muda wa picha, na huhakikisha nyonga haimo kwenye njia ya mionzi. Dawa ya rangi huisukuma kwa upole sana, kwa kuwa mishipa ya mjamzito inaweza kuchanika kwa presha ya sindano tu.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mshipa uliochanika mara nyingi huachwa upone wenyewe. Stenti kwenye ukuta uliochanika inaweza kuusukuma uvimbe wa damu mbele na kuziba zaidi, wakati mishipa mingi hujiunga ndani ya wiki hadi miezi michache. Kama maumivu yametulia, presha imesimama na damu inapita, mama hulazwa akiangaliwa moyo muda wote kwa siku 5 hadi 7, kwa sababu mpasuko unaweza kuendelea siku hizo. Stenti au upasuaji wa moyo huhitajika kama shina la kushoto la mishipa ya koronari limehusika, maumivu hayakomi, au presha inaporomoka. Ni kweli pia kwamba kwa wajawazito mpasuko huwa mkubwa na hupenda shina hilo na mshipa wa mbele, hivyo wanaohitaji kuingiliwa ni wengi kuliko kwa wanawake wengine.

Kujifungua

Kama hali inaruhusu, kujifungua kusogezwe angalau wiki 2 mbele tangu shambulio. Mpango uandikwe na daktari wa moyo, wa uzazi, wa usingizi na wa watoto wakiwa wamekaa pamoja. Shambulio la moyo peke yake si sababu ya kupasua. Kwa mama aliyetulia, njia ya kawaida humpotezea damu kidogo. Apewe ganzi ya mgongoni mapema ili uchungu usiukimbize moyo, na kwenye kusukuma asaidiwe kwa vakyumu asijikaze muda mrefu. Ganzi hiyo inadai saa 12 tangu enoksaparini ya dozi ya kinga, saa 24 tangu dozi ya matibabu, na siku 7 tangu klopidogreli, aspirini haizuii.

Mtoto akishatoka, oksitosini iende polepole kwa drip: yuniti 2 kwa dakika 10, kisha kidogokidogo kwa saa 4. Isisukumwe kwa mkupuo, kwani presha huanguka ghafla. Damu ikizidi, kanda mfuko, tafuta mchaniko, na weka kondomu iliyofungwa kwenye katheta na kujazwa maji mapema kuliko ulivyozoea. Aangaliwe kwa karibu saa 24 hadi 48, kwa kuwa damu iliyokuwa kwenye mfuko inarudi kwenye mzunguko na kuuelemea moyo uliochoka.

Baada ya hapo

Kunyonyesha kunaruhusiwa na aspirini ya dozi ndogo, heparini, metoprololi na enalaprili. Eko irudiwe baada ya wiki 6 hadi 12. Kama mshipa ulichanika, mishipa ya shingo, figo na ubongo nayo ipigwe picha, maana wengi wao wana udhaifu wa kuta za mishipa sehemu nyingine za mwili. Nyumbani, asibebe ndoo za maji wala kujikaza kwa kitu kizito. Kutembea taratibu kila siku ni dawa. Msongo wa mawazo uulizwe wazi kliniki, kwani mama aliyenusurika hulala akisikiliza mapigo yake.

Kuhusu uzazi wa mpango, azungumziwe kabla hajaruhusiwa. Vidonge vya majira na sindano zenye estrojeni hapana. Kitanzi au vijiti vinafaa. Anayetamani mimba nyingine asubiri angalau miezi 12 na aonane na daktari wa moyo kwanza, na aliyechanika mshipa kwa ujauzito mara nyingi tunamshauri asibebe tena. Mazungumzo hayo yafanyike na mume akiwepo kama mama mwenyewe anataka, na yarudiwe, kwa sababu siku ya kwanza huwa hasikii chochote.

Mpe nakala ya ECG yake ya mwisho aende nayo nyumbani, ili daktari yeyote atakayemwona usiku awe na cha kulinganisha. Ya mama wa kitenge imo kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, na anayeutunza ni mama mkwe.